Habari za Vivimbe vya Ngozi Vijifananavyo na Saratani

Katika magonjwa yote yampatayo mwanadamu, hapana ugonjwa ulio wazi mbele ya macho kuliko ugonjwa wa ngozi. Ugonjwa wa ini hufichwa na tumbo, na wa moyo hufichwa na mbavu. Walakini kivimbe kilichoota shavuni huonwa na mwenyewe, na jirani yake, na mtoto apitaye njiani. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani ya kuwa kuutambua ugonjwa wa ngozi ni kazi nyepesi, kwani kila mtu auona. Historia ya utabibu yatufundisha kinyume chake. Kuona ni jambo moja, na kukijua kile unachokiona ni jambo jingine.

Twataka leo kuwaeleza wasomaji wetu habari za vivimbe viwili ambavyo kwa muda mrefu vilihesabiwa kuwa saratani, na kumbe mara nyingi havina tabia ya saratani. Cha kwanza huitwa keratoakanthoma, na cha pili huitwa kivimbe cha Spitz. Hivi si vivimbe vya kila siku katika nchi zetu, lakini habari zake zatufaa sana, maana ndani yake mna somo juu ya namna watu wanavyopata kujua, na namna wanavyoweza kudanganyika hata wakiwa na elimu kubwa na vyombo vizuri.

Wala jambo lenyewe si la mchezo. Daktari akikosea kwa upande mmoja, humkata mtu pua au sikio, au humwondolea mtoto nyama nyingi ya mguu, kwa ajili ya kivimbe ambacho kisingemdhuru. Akikosea kwa upande wa pili, humwambia mwenye saratani ya kweli, “Nenda nyumbani, hii si kitu,” na baada ya mwaka mmoja mgonjwa huyo yu kaburini. Kati ya mashimo haya mawili ndipo ilipopita njia ya madaktari kwa zaidi ya miaka mia moja, na hata leo njia hiyo ni nyembamba.

Hapo kale, daktari alipotaka kujua kama uvimbe ni saratani, alikuwa na njia moja tu, nayo ni kungoja. Uvimbe ukila nyama, ukitoa damu, ukipeleka watoto wake katika tezi na katika viungo vya ndani, hapo alisema, “Hii ndiyo saratani.” Lakini kujua kwa namna hiyo hakukumfaa mgonjwa, kwa kuwa siku ya kujua ilikuwa karibu na siku ya kufa. Mambo yalianza kubadilika katika karne ya 19, hadubini, yaani darubini ya kutazamia vitu vidogo, ilipopata nafasi yake katika hospitali. Mwaka 1858 Rudolf Virchow, mwalimu wa Berlin, alitoa kitabu chake cha kueleza magonjwa kwa kuzitazama seli, zile chembe ndogo ambazo mwili wote umejengwa nazo kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Naye Ernest Besnier, daktari wa ngozi wa Paris, mwaka 1879 alilitunga neno biopsi kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya uhai na moja lenye maana ya kutazama. Maana yake ni kukata kipande cha nyama ya mtu aliye hai na kukitazama.

Tangu hapo desturi ikaenea. Penye shaka hukatwa kipande, kikakaushwa, kikapasuliwa vipande vyembamba kuliko karatasi, vikatiwa rangi, vikawekwa chini ya hadubini. Seli zikionekana zimepangika vema, mgonjwa hufurahi. Zikionekana zimevurugika, kubwa kwa ndogo, zikipenya zisipostahili kupenya, husemwa ni saratani. Hukumu ya hadubini ikawa kama hukumu ya mwisho ya kadhi, isiyo na rufani. Na kwa magonjwa mengi hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini vilikuwapo vivimbe ambavyo mashahidi wao walipingana: hadubini ilisema hivi, na maisha ya mgonjwa yakasema vile.

Mtu wa kwanza tutakayemtaja katika habari za keratoakanthoma ni Jonathan Hutchinson, daktari mpasuaji wa London, aliyezaliwa mwaka 1828 huko Selby katika jimbo la Yorkshire. Bwana huyu alikuwa na jicho kali sana. Alikusanya picha za magonjwa kwa maelfu, akazitumia kuwafundishia madaktari, na alama kadhaa za magonjwa zaitwa kwa jina lake hata leo. Mwaka 1889 alieleza habari za kidonda cha uso kilichomshangaza. Kilikuwa kikikua upesi kuliko saratani nyingine za ngozi, kingo zake zimeinuka pande zote, na katikati pana shimo. Akakifananisha na kinywa cha mlima wa moto. Hutchinson alikiweka katika jamaa ya saratani, lakini alikitenga kidogo na ndugu zake, kwa kuwa aliona hakifanani nao kwa mwendo wake.

Ni vema tukumbuke neno moja juu ya bwana huyu. Jicho hilohilo lililoona sana halikumwokoa asidanganyike. Kwa miaka mingi alishikilia ya kuwa ukoma hutokana na kula samaki walioharibika, ijapokuwa Armauer Hansen wa Norway alikuwa amekwisha kumwona mdudu wa ukoma mwaka 1873. Hutchinson alisafiri hata Afrika ya Kusini na Bara Hindi akitafuta ushahidi wa samaki wake, na alipokufa mwaka 1913 hakuwa ameiacha rai hiyo. Basi tusidhani ya kuwa mwenye kuona vizuri huona vizuri kila mahali.

Baada ya hapo yapita miaka arobaini na mitano. Mwaka 1934 John Ferguson Smith, daktari wa ngozi wa Glasgow katika nchi ya Uskochi, aliandika habari za kijana mmoja mchimba makaa ya mawe. Kijana huyu aliota vivimbe vingi usoni na mwilini, kimoja baada ya kingine. Daktari alikata vipande, navyo vikatazamwa kwa hadubini, na jibu likawa saratani ya seli za tabaka la juu la ngozi. Kwa sheria ya siku zile, mtu mwenye saratani nyingi namna ile angetazamiwa kufa. Lakini vivimbe vile vilikua kwa muda, kisha vikanywea, vikakauka, vikaanguka, vikaacha kovu lenye shimo, na kijana akaendelea na maisha yake. Ferguson Smith angaliweza kusema kwamba hadubini imekosea, akaufunga mjadala. Au angaliweza kusema kwamba kijana amepona kwa dawa zake, akajipatia sifa. Hakufanya lolote katika hayo. Aliandika yote mawili kama alivyoyaona: ya kwamba kwa hadubini ni saratani, na ya kwamba imepona yenyewe. Sisi twaona huu ndio uaminifu wa mtu wa elimu, kuliweka jambo gumu mbele ya wenzake bila ya kulikata ncha zake ili liingie katika kikapu.

Uaminifu huo ulizaa matunda baada yake. Mwanawe, Malcolm Ferguson-Smith, akawa mtaalamu wa mambo ya urithi. Mwaka 1971 yeye na wenzake walifuata nasaba za jamaa za Kiskochi zenye ugonjwa huu, wakapanda vizazi hata wakaona ya kuwa jamaa hizo zaelekea kutoka kwa mzee mmoja aliyeishi kabla ya karne ya 18 kwisha. Na mwaka 2011 watafiti walitangaza kuwa wameipata jeni yenyewe iliyoharibika. Huitwa TGFBR1, na kazi yake ni kupokea amri inayoziambia seli zisizidi kukua. Hivyo swali lililoanza kwa mchimba makaa mmoja lilipata jibu lake baada ya miaka sabini na saba.

Turudi nyuma. Wagonjwa wengi wa namna hii hawana vivimbe vingi wala urithi kama wa kijana yule. Huota kimoja tu, nao mara nyingi ni wazee wenye ngozi nyeupe walioishi juani. Mwaka 1936 madaktari wawili wa London, MacCormac na Scarff, waliandika habari za wagonjwa wa aina hii, wakakiita kivimbe hicho kwa jina jingine, wakidhani kina asili katika tezi za mafuta ya ngozi. Jina keratoakanthoma lilitoka kwa Walter Freudenthal, daktari Myahudi wa mji wa Breslau, ambao leo huitwa Wrocław. Alipata kimbilio London wakati watawala wa Kinazi walipowafukuza watu wake katika kazi zao. Jina lenyewe limeungwa kwa maneno ya Kiyunani: pembe, mwiba, na uvimbe. Mwaka 1950 Arthur Rook na Ian Whimster waliandika makala iliyolieneza jina hilo, na tangu hapo madaktari wa dunia nzima wakalitumia.

Sasa na tukieleze kivimbe chenyewe. Huanza kama kipele kidogo. Katika muda wa majuma sita au manane huwa kikubwa, mara nyingi kipenyo chake sentimita 1 hata 2. Umbo lake ni kama kichuguu chenye tundu juu, na ndani ya tundu mmeshindiliwa kitu kigumu cha aina ya kucha na pembe. Kisha husimama kwa majuma kadhaa bila ya kuongezeka. Mwishowe huanza kurudi, ile pembe hudondoka, na ngozi hujifunga na kuacha kovu lililobonyea. Mwendo wote huweza kuchukua miezi minne, au sita, na pengine zaidi. Saratani ya kawaida ya seli hizo haina desturi hiyo. Hukua polepole zaidi, na ikiisha kushika haiachi.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi sote, si madaktari peke yao. Tufikiri mtu ameota kivimbe cha namna hii, akaenda kwa mwenye dawa za kupaka. Amepakwa mwezi wa pili na wa tatu, na mwezi wa tano kivimbe kimekwisha. Je, atasema nini? Atasema dawa imemponya saratani, naye hasemi uongo kwa makusudi, kwani aliyaona kwa macho yake. Sifa za dawa ile zitaenea. Kisha atakuja jirani mwenye saratani ya kweli, atapakwa dawa ileile, naye atangoja mwezi wa tano ambao hautamletea kitu. Ulaya na Amerika pia wamekuwako watu wengi waliouza malhamu za kuponya saratani, na bila shaka baadhi ya mashahidi wao walikuwa na vivimbe ambavyo vingepona bila malhamu. Ugonjwa unaopona wenyewe humpa heshima kila aliyekuwa karibu nao siku ulipoondoka.

Habari ya pili ni ya kivimbe cha Spitz, nayo yahusu watoto. Iko saratani iitwayo melanoma, itokanayo na seli zitiazo ngozi rangi. Ni saratani kali, ipendayo kusafiri upesi katika mwili. Tangu mwanzo wa karne ya 20 madaktari waliona tatizo: mara chache kivimbe cha mtoto mdogo, kikitazamwa kwa hadubini, kilionekana ni melanoma tupu, lakini mtoto hafi. Mwaka 1910 huko Paris, Darier na Civatte waliandika habari za kivimbe katika pua ya mtoto mchanga, nao hawakuweza kukata shauri kama ni baka la kawaida ama saratani; hata kichwa cha habari yao kilikuwa ni swali.

Mwaka huohuo wa 1910 alizaliwa Sophie Spitz, katika mji wa Nashville huko Marekani. Alisoma udaktari wakati ambapo wanawake katika kazi hiyo walikuwa wachache, akawa mtaalamu wa kuchunguza nyama za wagonjwa kwa hadubini, akafanya kazi New York. Wakati wa vita vya pili vya dunia alitumika katika taasisi ya jeshi la Marekani iliyochunguza magonjwa, na mwaka 1945 yeye na J. E. Ash walitoa kitabu kikubwa cha picha za magonjwa ya nchi za joto. Malaria na kichocho, magonjwa yetu tunayoyajua vema, alikuwa ameyatazama ndani ya nyama kabla ya jina lake kuitwa juu ya kivimbe cha ngozi.

Mwaka 1948 Spitz alitoa makala juu ya melanoma za watoto. Alikusanya habari za watoto 13 ambao vivimbe vyao vilikuwa vimehukumiwa kuwa melanoma. Kama hukumu ingalikuwa ya haki, wengi wao wangekuwa wamekufa. Lakini katika watoto hao mmoja tu ndiye aliyekufa kwa ugonjwa huo kusambaa. Spitz hakusema ya kuwa si melanoma. Aliendelea kuliita jambo hilo melanoma, ila melanoma ya utotoni, akatafuta alama katika seli ambazo zingemwezesha mtu kupambanua mtoto atakayepona na mtoto aliye katika hatari. Baadaye wengine walikwenda mbele zaidi. Waliona ya kuwa vivimbe hivi huwapata hata watu wazima, na ya kuwa vingi havina ubaya. Jina la melanoma likaondolewa, na kikaitwa baka la Spitz. Mwenyewe alikufa kijana, mwaka 1956, mwenye umri wa miaka 46, naye aliuawa na saratani ya utumbo.

Kivimbe hiki kwa kawaida hutokea usoni au miguuni mwa mtoto. Huwa kama nusu ya tunda dogo, chekundu au cha rangi ya waridi, na pengine cheusi, nacho huweza kutokea katika miezi michache pahali palipokuwa safi. Katika hadubini huonekana seli kubwa, nyingine nene, nyingine ndefu zenye umbo la pia ya kusokotea uzi. Seli hizo humtisha mtazamaji. Wahenga wetu walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Na daktari aliyekwisha kuona watu wakifa kwa melanoma, akiona seli zile, hana budi kushtuka.

Basi ilipojulikana ya kuwa vivimbe hivi si vibaya, je, mambo yalikwisha? La, hayakukwisha, mzani uliinama upande wa pili. Madaktari waliokuwa wakiogopa kila kitu wakaanza kutoogopa vya kutosha. Baadhi ya vivimbe vilivyoitwa baka la Spitz vilirudi, vikasambaa, vikaua. Mwaka 1999 watafiti waliwapa mabingwa wa hadubini vivimbe 30 vya jamaa hii wavitazame, bila ya kuwaambia yaliyowapata wagonjwa. Mabingwa walitofautiana sana, na vivimbe vingine vilivyokuwa vimekwisha kuua watu walivihesabu katika vile visivyo na ubaya. Hawa hawakuwa wanafunzi, bali walimu wa walimu. Kwa ajili hiyo leo madaktari hutaja makundi matatu: baka la Spitz lisilo na ubaya, melanoma yenye sura ya Spitz, na katikati kundi la vile ambavyo hapana awezaye kuapa juu yake. Kulipa jina kundi hilo la katikati kwaonekana kama udhaifu, lakini sisi twasema ni nguvu. Afadhali mtu asemaye, “Sina hakika, tutakuangalia kwa miaka,” kuliko asemaye ana hakika asiyo nayo.

Elimu ya urithi imeongeza shahidi mpya. Mwaka 2014 watafiti walionyesha ya kuwa vingi katika vivimbe hivi hubeba jeni mbili zilizokatika na kuungana pasipo mahali pake, tofauti na zile alama zionekanazo mara nyingi katika melanoma za kawaida. Hivyo panapo shaka kubwa, hospitali zenye uwezo huzipima jeni zenyewe. Hata hivyo shahidi huyu naye hana neno la mwisho peke yake.

Mzani wa keratoakanthoma nao uliinama vivyo hivyo. Baada ya mwaka 1950 wengi walisema, “Kivimbe hiki hupona chenyewe, basi kiacheni.” Kisha zikaja habari za wagonjwa ambao kivimbe chao kiliitwa keratoakanthoma, nacho kikala nyama au kikafika katika tezi, hasa kwa watu ambao kinga ya mwili wao imepungua. Wengine wakasema kilikuwa ni saratani tangu mwanzo na daktari alikosea jina. Wengine wakasema keratoakanthoma yenyewe ni saratani, ila aina yake ni ile ambayo mara nyingi hushindwa na mwili. Mabishano hayo hayajakwisha. Na mwaka 2011, dawa iitwayo vemurafenib ilipoidhinishwa Marekani kwa kutibu melanoma, ilionekana ya kuwa baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakiimeza waliota keratoakanthoma katika majuma machache. Mwaka uliofuata sababu ilielezwa: wengi wa wagonjwa hao walikuwa na seli zilizokwisha kuharibika kwa siri, na dawa iliyozuia seli za melanoma ilizisukuma hizo nyingine zikue.

Kwa kuwa mambo ni hayo, matibabu ya leo yamefuata njia ya busara. Keratoakanthoma moja, hasa ikiwa shaka ipo, hukatwa yote na kupelekwa kupimwa. Haifai kuchuna kijipande kidogo cha juu, kwani juu hupatikana pembe tupu, au seli zisizotofautika na za saratani. Mpimaji ataka kuliona umbo zima, kingo zote mbili na chini yake. Mahali ambapo kisu kitaharibu uso, yako mashauri mengine: kukwangua na kuchoma, au kupiga sindano ya dawa ndani ya kivimbe, au kutumia mionzi. Na iko njia iliyoanzishwa na Frederic Mohs wa Wisconsin, aliyeitangaza mwaka 1941: kukata tabaka baada ya tabaka na kutazama kila tabaka kwa hadubini, hata pasionekane tena mzizi, ili nyama njema isipotee bure. Kivimbe cha Spitz nacho, kama kina sura ya kutia shaka, au kama kimempata mtu mzima, hukatwa chote pamoja na ukingo mdogo wa ngozi nzima, na mgonjwa huitwa tena baada ya muda ili atazamwe.

Sasa twaja kwetu. Katika Afrika ya Mashariki saratani ya ngozi itokanayo na jua huwashambulia zaidi ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kuikinga. Kwao kivimbe cha usoni au shingoni si jambo la kungojea miezi mitano kionekane kama kitapona. Kadhalika melanoma kwa watu weusi hutokea zaidi katika nyayo na chini ya kucha, mahali ambapo watu hudhani ni mwiba, au ni jeraha la jiwe. Mdharau mwiba mguu huota tende, na hapa methali hii ni kweli kabisa. Mwaka 1992 kilifunguliwa huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha kufundisha utabibu wa ngozi, nacho kimewafundisha watumishi wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo haifai kusema elimu hii ni ya Ulaya peke yake; tunao watu waliosomeshwa hapa petu.

Je, sisi tusio madaktari twaweza kufanya nini? Kwanza, tujue ya kuwa mpimaji wa hadubini ataka mashahidi wawili, nyama na habari. Mgonjwa na aweze kusema kivimbe kilianza lini, kilikua kwa majuma mangapi, kama kilipata kupakwa dawa au kuchomwa. Siku hizi simu nyingi zina kamera. Picha ya kila juma, pamoja na rula pembeni, ni ushahidi ambao Hutchinson angaliutamani kwa picha zake zote. Pili, kivimbe kisichomwe wala kufungwa kwa uzi nyumbani, kwani moto huteketeza ushahidi, na mzizi hubaki. Tatu, kipande kikikatwa, mgonjwa aulize kimepelekwa wapi kupimwa, na arudi kuchukua jibu. Nyama iliyokatwa na kutupwa ni barua iliyochanwa kabla ya kusomwa. Nne, sisi walimu twawaona watoto kila siku mbele yetu. Mtoto mwenye kivimbe kipya kinachokua, au mtoto mwenye ualbino mwenye kidonda kisichofunga baada ya majuma manne, tusingoje mzazi atambue. Tumwite mzazi, tumweleze kwa upole, tumtafutie njia ya hospitali.

Wasomaji wapenzi, tumetembea kutoka London mwaka 1889 hata Moshi ya siku zetu, tukifuata vivimbe viwili vidogo. Hutchinson aliona umbo, Ferguson Smith aliona mwendo, na Spitz alihesabu waliokufa na walioishi. Kila mmoja alipata sehemu ya kweli kwa kuwa alikubali kumtazama mgonjwa aliyekuja kinyume cha kitabu. Jina ambalo daktari hulipa ugonjwa ni kitu kizuri, maana humwongoza mkono. Lakini mgonjwa hafi wala haponi kwa jina. Hufa au hupona kwa kile kilichomo katika mwili wake, na kwa siku ambayo watu wake walichukua hatua ya kumpeleka kunakojulikana. Siku hiyo ya kuchukua hatua imo mikononi mwetu, nayo haihitaji hadubini.